FILIMBI SI YA REFA PEKE YAKE

Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Wengi wetu hukomea hapo. Tunasahau kwamba wahenga hao hao waliongeza: likienda joshi ni Mungu kupenda. Katika kurasa hizi nataka kuwasimulia habari za dau moja la mnyonge lililokwenda joshi katika bahari yenye mawimbi makubwa. Dau lenyewe ni filimbi, na bahari ni muziki wa jazi.

Kabla sijang'oa nanga, afadhali nifafanue maneno mawili, maana yameniletea balaa hapa shuleni. La kwanza ni filimbi. Nikisema kwamba mimi hupiga filimbi, mwenzangu huniuliza, "Wewe ni refa wa ligi gani?" Mwingine huuliza kama nataka kuwa askari wa trafiki. Kiswahili kina neno kipenga kwa kile kidude cha refa, lakini watu wamezoea kutia kipenga na ala ya muziki katika kapu moja. Ndiyo maana nimeipa insha yangu anwani hii.

Neno la pili ni jazi. Ukilitaja mbele ya wazee wetu watakukumbusha Shirati Jazz ya D. O. Misiani, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au O.K. Jazz ya Franco kule Kongo. Bendi hizo zilikuwa moto wa kuotea mbali, lakini muziki wao ulikuwa benga, rumba na dansi. Jazi ilikuwa kwenye jina, kama nembo ya usasa. Jazi ninayoizungumzia ni ile iliyozaliwa na Wamarekani weusi mjini New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Humo mwanamuziki huchukua wimbo ambao kila mtu anaujua, akaupiga mara moja kama ulivyo, kisha akaachiwa uwanja aubuni upya papo hapo mbele ya watu, mfano wa malenga wanaojibizana harusini. Akishindwa, ameshindwa mchana kweupe. Akiweza, hata yeye mwenyewe hawezi kuurudia kesho.

Sasa natuitazame ala yenyewe. Filimbi ninayoipiga ni ya madini, ina urefu wa takriban sentimita 67, nayo hushikwa kwa ubavu kuelekea bega la kulia. Haina ulimi wa tete kama saksofoni au klarineti. Mpigaji hupuliza pumzi juu ya ukingo wa tundu, sawa na mtoto anayevumisha chupa tupu ya soda. Pumzi hiyo hukata kwenye ukingo, mara ikaingia ndani, mara ikatoka nje, na hewa iliyomo ndani ya neli ikatetema. Huo mtetemo ndio sauti. Vidole navyo hufungua na kufunga matundu kwa vifuniko. Mjerumani Theobald Boehm ndiye aliyesanifu mfumo huo, na mnamo mwaka wa 1847 akatoa filimbi ya madini ambayo ndiyo mama wa hizi tunazoziona leo. Kwa kuwa pumzi nyingi hupotea nje, filimbi hula hewa kuliko unavyoweza kudhani ukiitazama umbo lake. Siku yangu ya kwanza nilipuliza dakika tano tu, kichwa kikanizunguka nikalazimika kuketi chini.

Filimbi hiyo nilipewa na mjomba wangu, aliyewahi kupiga saksofoni katika hoteli za watalii za pwani ya kusini. Pamoja nayo alinipa sanduku la kanda alizorekodi redioni, nyingi kutoka kipindi cha jazi cha Willis Conover cha Sauti ya Amerika, kilichosikika ulimwenguni tangu 1955 hadi 1996. Nilizisikiliza kanda hizo likizo nzima. Zilipokwaruza na kukatika niliomba simu ya mama, nikawatafuta wapigaji hao hao mtandaoni.

Niliporudi shuleni nikakutana na kisiki. Bendi yetu ina tarumbeta, ngoma kubwa na sahani za shaba. Siku ya mazoezi mkuu wa bendi alinisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Kijana," aliniambia, "hiyo yako haisikiki. Chukua tarumbeta ama uende ukapige makofi na wengine." Wenzangu waliangua kicheko. Nyumbani nako baba hakunicheka, ila maneno yake yalikuwa mazito zaidi. "Mwanangu," alisema, "mjomba wako alipulizia watalii miaka ishirini, na watalii walipokwisha, pumzi nayo ikaisha. Umechagua somo la Muziki kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nitajie mtu mmoja aliyejenga nyumba kwa filimbi."

Nilinyamaza kwa adabu. Lakini swali la baba lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Nikaamua kulitafutia jibu, na hili hapa ndilo nililolipata.

Kwanza kabisa, mkuu wetu wa bendi si mtu wa kwanza kusema kwamba filimbi haisikiki. Katika jazi ya mwanzo filimbi ilikuwa adimu mno. Hebu fikiria ukumbi wa dansi wa miaka ya 1920: tarumbeta, tromboni, saksofoni na ngoma, watu mia kadhaa wanarukaruka, na vipaza sauti ni haba. Filimbi ingefanya nini hapo? Sauti zake za chini ni laini kama mnong'ono, na za juu ingawa hupenya, huchosha masikio zikidumu. Basi wapigaji wengi waliiweka kabatini wakashika saksofoni ili wapate mkate.

Hata hivyo hakukosekana wajasiri. Alberto Socarras, kijana kutoka Cuba, aliwasili Marekani mwaka wa 1927, na katika miaka hiyo ya mwisho ya 1920 akarekodi filimbi katika santuri za kundi la Clarence Williams. Santuri hizo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa zenye filimbi ya jazi. Si ajabu kwamba alikuwa Mkuba. Kwao Cuba kulikuwa na bendi za dansi ziitwazo charanga ambamo filimbi ndiyo bibi harusi, ikiruka juu ya fidla na ngoma. Mwingine alikuwa Wayman Carver, aliyepiga saksofoni na filimbi katika miaka ya 1930 kwenye bendi ya Chick Webb, ile ile iliyomkuza mwimbaji Ella Fitzgerald. Baadaye Carver alikuwa mwalimu wa muziki chuoni mjini Atlanta. Majina ya watu hawa wawili hayatajwi sana, lakini wao ndio waliofyeka msitu ili wengine wapite.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, na sababu kubwa ni kipaza sauti. Kilipokuwa kizuri, mnong'ono ukafika nyuma ya ukumbi. Mwaka wa 1953 Frank Wess, mzaliwa wa Kansas City, aliingia katika bendi ya Count Basie. Hiyo ilikuwa bendi ya kishindo, yenye mstari mzima wa tarumbeta na tromboni. Lakini Basie alikuwa kiongozi mwenye masikio. Wess alipoinua filimbi, bendi nzima ilishusha sauti, ikamwachia nafasi kama wazee wanavyonyamaza mtoto akitumwa kusema jambo. Wess alidumu pale hadi 1964, na wasikilizaji wakaanza kuizoea filimbi kama ala kamili ya jazi. Somo nililolipata hapo ni hili: si kila mara asiyesikika ndiye mwenye kosa. Pengine wengine wanapiga kelele kupita kiasi.

Herbie Mann naye, aliyezaliwa Brooklyn mwaka wa 1930, alipata njia nyingine. Badala ya kushindana na tarumbeta, aliiweka filimbi yake katikati ya ngoma za kupigwa kwa mikono. Mwanzoni mwa 1960 alizuru Afrika na bendi yake kwa gharama ya serikali ya Marekani. Mwaka wa 1961 alirekodi katika ukumbi wa Village Gate mjini New York, na humo wimbo wa "Comin' Home Baby" ukampa umaarufu mkubwa. Mwaka wa 1962 alikwenda Brazil kurekodi na wenyeji, na mwaka wa 1969 akatoa "Memphis Underground", santuri iliyouzwa kama njugu. Kwa miaka mingi wasomaji wa jarida la Down Beat walimchagua kuwa mpigaji bora wa filimbi. Mann hakuwa mwenye kurukia saksofoni akirudia filimbi siku za mapumziko. Filimbi ndiyo iliyokuwa jembe lake mpaka alipofariki mwaka wa 2003. Baba akitaka mtu aliyekula kwa filimbi, huyu hapa.

Lakini anayenigusa zaidi ni Yusef Lateef. Huyu alizaliwa Chattanooga, Tennessee, mwaka wa 1920, akakulia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Akasilimu na kubadili jina. Alikuwa mpigaji wa saksofoni, lakini akiwa mtu mzima alirudi darasani kujifunza filimbi, kwa ushawishi wa mpigaji gitaa Kenny Burrell. Wakati huo alikuwa na familia, na mchana alifanya kazi katika kiwanda cha magari, usiku akapiga muziki. Hakutosheka na filimbi ya madini. Alikusanya filimbi za mianzi na ala za mataifa mbalimbali, na katika santuri yake ya 1961, "Eastern Sounds", alipuliza hata ala ya Kichina ya udongo iliyo mviringo kama yai.

Hakuishia hapo. Mwaka wa 1975, akiwa na umri wa miaka kama 55, alipata shahada ya udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Miaka ya 1980 ilipoanza akahamia Nigeria, akaishi Zaria kwa takriban miaka minne katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, akitafiti filimbi ya Wafulani iitwayo sarewa. Hebu tafakari, msomaji: bingwa wa Marekani anavuka bahari ili aketi miguuni pa wachunga ng'ombe na kujifunza kijiti cha mwanzi. Aliishi hadi Desemba 2013, miaka 93. Nilipomsimulia baba habari hizi hakusema kitu, ila aliuliza mara mbili, "Alipata shahada ya udaktari akifanya kazi ya kiwanda?" Nikajibu, "La baba, kiwanda kilitangulia. Shahada ilifuata."

Baada ya Lateef nimlete kipofu. Roland Kirk, aliyejiongezea jina la Rahsaan, alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka wa 1935, akapoteza kuona akiwa mtoto mdogo. Husimuliwa kwamba alianza kwa kupuliza mpira wa kumwagilia maji bustanini. Alipokua alipiga saksofoni tatu kwa pamoja, zote mdomoni. Watu wengine walidhani ni kiini macho, wakasahau kusikiliza. Ndipo mwaka wa 1964 akarekodi "I Talk with the Spirits", santuri ambayo ndani yake alishika filimbi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kirk alikuwa na mtindo wa kupuliza huku akiimba au kuguna ndani ya filimbi. Sam Most alikuwa ameutumia mtindo huo katika miaka ya 1950, lakini Kirk aliupa ukali. Sauti ya koo na sauti ya neli hugongana, ikazaliwa sauti ya tatu yenye mkwaruzo, kana kwamba filimbi ina hasira. Basi wewe unayesema filimbi ni ala ya kitoto, msikilize Kirk kisha urudi tuongee. Nilijaribu mtindo huo bwenini baada ya prepu. Jirani yangu wa kitanda aliruka akauliza nyuki wamepitia wapi! Mwaka wa 1975 Kirk alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza. Je, aliacha? La hasha! Alizitengeneza ala zake upya akapiga kwa mkono mmoja mpaka alipofariki Desemba 1977, akiwa na miaka 42 tu.

Eric Dolphy alikuwa mpole kuliko Kirk, lakini muziki wake ulikuwa wa ajabu. Alizaliwa Los Angeles mwaka wa 1928. Alisimulia kwamba alipokuwa akifanya mazoezi nyumbani, ndege waliimba nje naye akawajibu kwa ala yake. Ukiisikiliza filimbi yake utawatambua ndege hao: inaruka kutoka chini hadi juu kwa ghafla, inatua, inapapatika, inanyamaza. Tarehe 2 Juni 1964, huko Hilversum, Uholanzi, alirekodi "You Don't Know What Love Is" kwa filimbi. Kwa zaidi ya dakika kumi ala hiyo inalia kama mtu anayezungumza peke yake usiku. Siku 27 baadaye alifariki Berlin kwa ugonjwa wa kisukari ambao haukuwa umegunduliwa mapema. Alikuwa ametimiza miaka 36 siku tisa tu zilizotangulia. Kila nikiusikiliza wimbo huo natamani angekuwapo mtu wa kumpima damu kwa wakati. Nanyi wasomaji, mkiwa na jamaa anayekonda na kunywa maji kupita kiasi, mpelekeni hospitali. Hilo nalo ni somo la jazi.

Kwa wale wanaosema jazi ni ya watu wasiotaka kusoma, nawapa Hubert Laws wa Houston, Texas, aliyezaliwa 1939. Alisomea filimbi ya kizungu katika chuo cha Juilliard, New York, na katika miaka iyo hiyo akapiga na bendi ya Mongo Santamaria, mpiga ngoma wa Cuba. Akaja kuketi katika okestra ya Metropolitan Opera. Mtu mmoja, filimbi moja, kumbi mbili zisizofanana hata kidogo. Nao wasichana wa chama chetu wasidhani wamesahaulika. Bobbi Humphrey alirekodi na kampuni ya Blue Note tangu 1971, wakati wanawake wapigaji ala walikuwa wa kuhesabika pale, na santuri yake "Blacks and Blues" ya 1973 bado inasikilizwa. Nicole Mitchell, mpigaji filimbi, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza AACM, chama cha wanamuziki weusi wabunifu kilichoanzishwa Chicago mwaka wa 1965.

Pengine mtasema, hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Katika miaka ya 1950 watoto wa mitaa ya Johannesburg walinunua filimbi za bati za bei rahisi, wakaiga jazi waliyoisikia kwenye santuri na sinema za Marekani. Wakazalisha kwela, muziki uliomtoa Spokes Mashiyane. Mwaka wa 1958 wimbo mmoja wa kwela, "Tom Hark", ulipanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Filimbi ya bati, wasomaji! Ile ambayo mtoto angeweza kuinunua kwa vichele vyake.

Na hapa kwetu je? Babu yangu mzaa mama, kule Kwale, alipiga chivoti, filimbi ya mwanzi ya Wadigo. Huipuliza kwa ubavu, sawa na hii yangu. Nilimwona ngomani akisubiri ngoma zishike, kisha akapanda juu yake, akacheza na wimbo, akaukunja na kuukunjua bila kuandikiwa noti hata moja. Hakuitwa mwanajazi, naye hakuhitaji jina hilo. Lakini Lateef angefika Kwale badala ya Zaria, naamini angeketi kwenye mkeka wa babu.

Basi nimeamua nini? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tarumbeta ni msala mzuri, wala sina ugomvi na waipigao, lakini mimi mbachao wangu ni filimbi. Mtihani wa Muziki una sehemu ya vitendo, na mwakani nitasimama mbele ya mtahini nikiwa nayo mkononi. Baba hakunipa baraka zote. Amenipa sharti: alama zangu za Hisabati zisishuke, na iwapo zitashuka, filimbi itarudi kwa mjomba. Nimekubali. Sharti hilo ni la haki, kwani hata Lateef alipiga kengele ya kiwandani kwanza.

Kwa mkuu wetu wa bendi nina ombi moja tu, nalitoa kwa heshima. Asiipime filimbi kwa mizani ya tarumbeta. Aiwekee wimbo mmoja, mmoja tu, ambao ngoma zitapigwa kwa viganja na tarumbeta zitapumzika. Kipaza sauti kile cha gwaride ya Jumatatu kinatosha. Iwapo baada ya hapo haitasikika, nitakubali kupiga makofi na wengine.

Nanyi wenzangu, kila mmoja ana kitu chake kinachochekwa: mwingine anachora, mwingine anatunga mashairi, mwingine anafuga sungura. Msikitupe kwa sababu ya kelele za watu. Kisikilizeni kwanza nyinyi wenyewe, mkifanyie mazoezi mpaka vidole viume, na mtafute mahali panapokifaa. Na mkinisikia nyuma ya darasa la kidato cha tatu jioni, tafadhali msiulize nani kafunga bao.

Kwa hayo machache natia nanga.